Vioo ya Ngobyi

Kwako kaka yangu mukubwa Noël,

Nakusalimia kwa mikono yote mbili, wewe na shemeji Céline na watoto. Naomba barua hii iwakute wote muko wazima, kifua ya ule mutoto wa mwisho imepona, na mvua ya Kisangani inawaachia hata nafasi ya kuanika nguo. Mimi huku ningali hai. Nikiongeza neno ingine hapo nitakuwa najisifu bule. Nakula wakati naona chakula, nashona wakati masini inakubali, na siku ya Mungu naenda kanisani kukaa ku benchi ya nyuma. Isidore, ule mufundi wa magari mwenye nitakuelezea habari yake, anakusalimia pia hata kama hamujuane, maana siku zote alikuwa anasikia Papa akitaja jina lako.

Kaka, simu yako niliisikia mupaka mwisho. Ulipiga kelele, rezo ya simu ikakatika, na tangu pale haukupiga tena. Sikukasirika. Mwenye kufiwa anasema vile kinywa inataka. Lakini iko neno moja yenye ingali inaniuma. Ulisema kama gari ilikuwa tayari, vioo yote mbili imewekwa, mizigo imepandishwa, na mimi Colette njo nilitoa gari kwa watu wa pori na kuacha Papa afie ku udongo ya wengine. Sijui ni nani alikupelekea ile habari. Bienvenu, ule wa kuuza mawese, anapanda Kisangani na pikipiki yake juma hii, na amekubali kubeba barua. Soma yote, usiruke hata musitari. Kisha kama unataka kukasirika, kasirika juu ya ile yenye umesoma.

Wewe uliondoka kwetu Karuba mapema juu ya masomo, haukuona sana maisha ya ile Land Cruiser. Unakumbuka tu vile Papa aliinunua kwa wapadri, nzee tayari, milango mbili, rangi imeanza kutoka. Mbele ya pale wagonjwa ya kilima walikuwa wanabebwa ku mabega, ku ngobyi ile ya miti na kamba, kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba, na ngobyi yenyewe ilikuwa inalala kwetu, imeegemea ukuta ya nyuma. Gari ilipofika, watu wakaipa jina ya kitanda: Ngobyi. Na sheria ikabaki ile ile. Mwenye kulaza ngobyi kwake hawezi kuikatalia muntu, hata adui. Mwenye kuikatalia, siku yake ikifika, hakuna bega itakuja kumubeba. Ulikua na ile sheria sawa mimi, usijifanye umeisahau juu umekuwa profesa.

Ile asubuhi vita ilitutoa Karuba, watu walikuwa wanafunga masufuria na mikeka, mbuzi wanalia, na unajua Papa alikuwa anafanya nini? Alikuwa amefungua milango ya gari na turnevisi, ile bisibisi yake, anatoa vioo. Nilimupigia kelele kama bunduki inakaribia. Akanijibu polepole kama ku bariere za njiani vijana wenye silaha wanapiga vioo na kitako cha bunduki, mara ya kutafuta kitu, mara ya kujifurahisha, na kioo ya gari sawa ile haipatikane tena, ku kiwanda waliacha kuitengeneza. Akazifunga mu blanketi, akazitia mu mifuko ya maharagi, maharagi chini, maharagi juu. Njo hivi tulivuka Masisi yote bila vioo, kaka. Mvua ya mulima ilikuwa inaingia ku mulango ya dereva, na dereva ni yeye. Alikuwa anapangusa uso na kofia yake na kuendelea. Ile kikohozi ilianzia pale. Alichunga kioo, akapoteza kifua. Siku moja nilimutupia ile neno kwa hasira, na alicheka mupaka kikohozi ikamukamata.

Na kumbe hata ile kuchunga ilikuwa nusu ya bule. Tulipofika hapa, kijiji yenye iko ku barabara mbele ya kufika Walikale-centre, tulimwanga maharagi. Kioo ya kushoto ilitoka muzima. Ile ya kuume, shangazi Murekatete alikuwa ameikalia njia yote, na unamujua shangazi. Ilikuwa imegeuka chembe-chembe, imechanganyika na maharagi. Hatukutupa. Njaa ilikuwa inatungojea, tulichambua punje na kioo, punje na kioo, wamama ya huku wakitupita na kuuliza kama watu ya Masisi wanakula vioo.

Gari ilibaki nyuma ya kanisa, chini ya bashi, ile turubai ya plastiki. Unajua kwetu chuma inazeeka, huku inaoza. Majani ilimea mu matundu ya milango. Papa alikuwa anaenda kuiangalia kila asubuhi sawa muntu anaangalia ng'ombe, anagonga hapa, anagonga pale, anarudi kunywa uji yake. Hatukuwa na shamba ya maana. Baba mukwe wa jirani yetu Mamy, ule muzee mwenye shamba kubwa ya ndizi, alikuwa ametukatalia hata kipande ya kupanda mihogo. Asema watu wa kuja wakionjeshwa udongo hawaondoke tena. Papa alimusalimia kila siku na kofia mukononi.

Kisha mwaka huu njia ya Masisi ikafunguka kidogo. Majirani ya zamani wakaanza kurudi, mumoja mumoja. Damascène akapiga simu, asema amefika Karuba, nyumba yetu imebaki na ukuta na nusu ya mabati, na kaburi ya Mama iko, amepalilia majani. Kaka, ile siku Papa alivaa viatu. Alisema hataki kitu ingine hapa duniani isipokuwa kulala kando ya Mama. Hakusema kuishi. Alisema kulala. Enfirmie, ule muuguzi wa huku, akamusikiliza kifua mbele na nyuma, akanivuta kando. Akaniambia kama pafu moja haifanye tena kazi, na ile ingine inajikaza. Ku pikipiki, upepo ya milima itamumaliza mbele ya kufika Masisi. Lakini mu gari yenye kufungwa vizuri, na Mungu akisaidia, anaweza fika. Mu gari yenye kufungwa vizuri. Hivi njo tulianza mambo ya vioo.

Isidore ni mutoto wa huku huku, mufundi mwenye mudomo. Ukimusikia utasema yeye njo alizaa injini. Lakini injini kweli aliiamusha, na freni, na pompe ya mazuti, ile mafuta ya injini, na ile siku Ngobyi ilikohoa moshi nyuma ya kanisa watoto walikimbia na wamama wakapiga vigelegele. Tulifikiri kazi imeisha. Kumbe injini ilikuwa lelemama. Kazi ilikuwa mu milango.

Kioo ya kuume ilikuwa ya kutafuta. Isidore alipata ingine ku gari moja yenye kufia njiani, upande wa pori. Ilikuwa kubwa kupita yetu upana wa kidole. Akasema hiyo si shida, yeye anakata vioo ya madirisha ya mapadri, ya mashule, ya benki hata. Akaleta kile kisu chake chenye gurudumu, akailaza ku meza yangu ya kushonea, akapiga musitari. Ya Yesu! Haikupasuka, ililipuka. Ilikuwa kioo, ikawa chumvi. Isidore alibaki na mikono juu sawa muntu amekamatwa, na chembe mu ndevu. Mimi nilimutukana na matusi sitaandika hapa. Papa alikuwa amekaa ku kiti na blanketi yake. Alipiga magoti, akaanza kuokota chembe moja moja na kuzitia mu kikombe, na hakutaka tumusaidie. Kaka, kuona Papa ku magoti hivi, nilitaka udongo inimeze.

Isidore alipotea kwetu siku kadhaa, haya inamufunga. Alirudi na habari kutoka kwa mukubwa wake wa zamani wa Goma: kioo ya mulango inapikwa mu moto ku kiwanda, haikatwe hata ukifanya nini, kioo ya mbele ya gari njo inakatwa, sababu ni vioo mbili zenye zimebandikwa na kitu laini katikati. Na milango ya Ngobyi vioo yake iko sawasawa sawa meza, haina kupinda. Basi akaenda kuomba kioo ya mbele ya lori moja nzee, yenye kuku walikuwa wanalalia mayai ndani. Akakata upande moja, akageuza, akakata upande wa pili. Ile kitu ya katikati ilikatalia. Asema inataka pombe kali. Akamwanga kanyanga mu ule ufa mwembamba, akawasha, moto ya buluu ikakimbia ku musitari, akapitisha wembe. Kanyanga yenye ilibaki aliimwanga mu tumbo yake. Papa alicheka, kaka. Ilikuwa ya mwisho kumusikia akicheka hivyo. Mimi nilisugua kando ya kioo na jiwe ya mutoni, na maji, kutwa nzima, mupaka kidole inapita bila kujikata.

Sasa sikia kazi yenyewe, juu ulisema tulicheza na wakati. Kioo ya mulango haisimame peke yake. Inatembea mu njia mbili za chuma, mbele na nyuma, na ndani ya ile njia inapashwa kuwa kitambaa kizito, bila hiyo kioo inalia, inatetemeka, inaingiza upepo na maji. Kitambaa yetu panya walikula zamani. Nilijaribu blanketi, ikavimba na maji. Nilijaribu suruali ya jeans, kioo ikakatalia kupanda. Papa aliniangalia namna nachana nguo za watu, kisha akavua kofia yake. Ile kofia, kaka. Ile ya wachungaji ya Masisi, yenye alivaa siku ya ndoa yako. Aliiweka ku meza na kusema kitambaa yenye imekatalia mvua ya Karuba miaka yote haitashindwa na mulango. Nilikataa. Akachukua makasi yeye mwenyewe, nikaogopa ataiharibu, nikaikata mimi. Nilikata fito nyembamba, nikazibandika na kole mu njia za chuma. Tangu ile siku alikuwa anatoka nje na kichwa tupu, mukongwe sawa yule. Watu wa huku hawakujua ile ni nini. Mimi nilijua.

Kuingiza kioo inataka watu wawili na subira. Unaishusha mu tundu ya juu ya mulango, imelala upande, pembe ya mbele kwanza. Muntu mwingine anatia mukono mu tumbo ya mulango kupitia chini, anaipokea, anaipanga ku ule mukono wa chuma wenye kuipandisha. Mukono wa Isidore ulikuwa munene, haukuingia. Wangu uliingia. Nilikaa na mukono mu ule mulango mupaka kwapa, kutu inanila, Papa ananiongoza kwa sauti: kidogo nyuma, inua, hapana, rudisha, sasa. Akazungusha manivele, kile kishikio cha ndani ya mulango. Kioo ikapanda nusu, ikakwama. Tukatoa. Nikapunguza kofia na wembe. Tukarudisha. Ikapanda, ikaegemea nje. Tukatoa. Ile ya kushoto, yetu ya zamani, ilikubali haraka sawa muntu anarudi kwao. Ya kuume ilitutesa mupaka nikaapa nitaivunja kwa mukono yangu. Na Papa, kila siku pumzi inapunguka, kila siku anauliza kama njia ya Masisi ingali wazi.

Ikafika asubuhi moja yote mbili ikapanda. Papa akaingia, akaketi, akafunga mulango, akazungusha manivele mupaka juu. Akanifanyia alama ya kichwa. Nikamwanga beseni ya maji ku kioo, kisha ingine. Yeye ndani alikuwa anapitisha kidole pembeni. Hata tone. Alikaa mule muda murefu, nje tunamuona tu mudomo unatembea. Nafikiri alikuwa anasali. Aliposhuka alituambia tupandishe mizigo, twende Karuba mara moja, Isidore ataendesha. Nilipandisha godoro, mufuko wa muchele, Biblia yake, mazuti mu bidoni. Kaka, niliimba. Miaka yote huku sikuimba, na ile asubuhi niliimba sawa mupumbavu.

Tulikuwa tunafunga kamba ya mwisho wakati wanaume walitokea ku njia ya nyuma wakikimbia na kipoyi, ngobyi ya watu wa huku. Juu ya kipoyi ni Mamy. Muke wa mutoto wa ule muzee wa ndizi, ule ule wa kutukatalia udongo. Mimba ilikuwa imefika, lakini mutoto alikuwa ametanguliza mukono, na enfirmie alisema hana kitu ya kufanya, apasuliwe ku opitali, Walikale-centre, na kwa miguu hatafika. Ule muzee mwenyewe alikuwa nyuma yao. Hakuomba. Aliangalia tu gari, kisha chini.

Walikale-centre iko upande ingine, Noël. Karuba iko upande wa jua kutoka, opitali iko upande wa jua kuzama, na ku njia ya opitali kulikuwa bariere ya wale wenye bunduki, wenye walikuwa wanakamata kila kitu yenye gurudumu. Kila muntu alijua. Sasa nakuambia kitu yenye nilifanya, na hauna haja ya kuisikia kwa wengine. Nilisimama mbele ya gari. Nilinyoosha mikono. Nilisema waende na kipoyi yao, nilisema baba yangu pia ni mugonjwa, nilisema wakati tulikuwa na njaa ndizi yao iliiva na kuoza ku muti na hatukupewa hata moja. Mamy alikuwa analia pale chini na mimi nilikuwa nasema mambo ya ndizi. Kwa hiyo ile yenye walikuambia ni kinyume. Mimi sikutoa gari. Mimi niliikatalia.

Papa njo aliitoa. Alishuka peke yake, akishika mulango, akaanza kushusha godoro yake kwa mikono yake. Isidore alikimbia kumusaidia. Papa akaniita kando na kuniambia, bila kupandisha sauti, kama Ngobyi ikipita mugonjwa na milango imefungwa, haiko tena Ngobyi, ni bati tupu. Na kama atalala kando ya Mama, Mama atamuuliza alifika na nini. Nilimuambia Mama amekufa hataulizia kitu. Akanijibu kama mimi sijui Mama. Kisha akaniomba nitoke mbele ya gari. Akaniomba, kaka. Angenipiga ningebaki pale. Nilitoka.

Walifika ku opitali. Mamy alipasuliwa, ni muzima, yeye. Mutoto hakuishi. Isidore aligeuka kurudi haraka juu alijua tunamungojea, na ku bariere wakamushusha. Wakati wa kuenda walihurumia mugonjwa. Wakati wa kurudi hakukuwa mugonjwa. Aliniambia yote, alikuwa analia sawa mutoto. Walizunguka gari, wakapandisha kioo, wakashusha, wakapandisha tena, wakacheka, wakamupongeza kwa kazi muzuri. Mumoja alisema tangu azaliwe hajaona gari nzee yenye kufunga hivi, kisha wakaondoka nayo porini. Kama tungeiacha na mashimo ya milango labda wangeiona takataka. Hiyo naiwaza nikiamka na nikilala. Ni sisi tuliipamba.

Papa alisikia, akageukia ukuta. Hakulaumu muntu. Kisha wenye kurudi Masisi nao wakaanza kugeuka, asema njia imefungwa tena, wanapigana. Akaacha kula. Nilimupikia uji wa mutama, nilimubembeleza, nilimugombeza, nikamukumbusha wewe. Alikuwa ananipapasa mukono na kusema nile mimi.

Mazishi unaijua: alikufa njiani tukimupeleka kwa enfirmie, na wale wa Mamy njo walimubeba, na ule muzee wa ndizi akatoa udongo ku mwisho ya shamba yake, kando ya ule mutoto wa Mamy mwenye hakupata jina. Udongo yenye alitunyima kwa mihogo alitupa kwa kaburi. Watu walisema ni jambo kubwa. Nilisema aksanti. Ndani yangu hakukuwa aksanti hata ya kulamba.

Sasa iko kitu yenye sijaambia muntu, hata padri, na njo inanifanya nikae ku benchi ya nyuma.

Ile siku ya mwisho ya Papa, bwana yake Mamy alikuja na ndugu zake na kipoyi, bila kuitwa. Homa ilikuwa imemupanda Papa mupaka macho imefunikwa. Tulimufunga mu blanketi, nikamufunika uso juu ya jua, tukatoka. Mimi nilikuwa natembea kando ya kichwa chake. Tulipoenda kidogo, akauliza kama tuko mu gari. Noël, nilipashwa kusema hapana. Nilisema ndiyo, Papa, tuko mu Ngobyi. Akauliza nani anaendesha. Nikasema Isidore. Akauliza tumefika wapi, na sijui neno ilitoka wapi, nikasema tumepita Nyabiondo. Wale wanaume walinisikia. Hakuna mwenye alicheka, hakuna mwenye aligeuka. Walipunguza mwendo ili wasimutikise. Kila vile aliuliza nilimupeleka mbele: Masisi, Papa. Katale, Papa. Sasa tunapanda. Uso yake ilikuwa inalainika, nikaona inalainika, nikaendelea. Nikamuambia ile kilima ni ya kwetu, Damascène amesimama ku njia anapunga mukono. Mimi mutoto wake nilimudanganya kilima kwa kilima mupaka nikamufikisha Karuba, hapa mu joto ya pori.

Kisha akauliza mbona hakuna baridi.

Nilimuambia ni vioo, Papa. Zinafunga vizuri.

Alifurahi, kaka. Alifurahi kweli, alisema kumbe tulizipanga vizuri, mimi na yeye. Kama ingeishia pale ningeweza kuishi. Lakini akaniomba nishushe kioo kidogo, asikie harufu ya kwetu. Wanaume wakasimama. Sikuwa na kioo ya kushusha. Nilishika blanketi ku uso yake, nikaishusha kidogo kidogo, sawa muntu anazungusha manivele. Akavuta hewa. Hakukuwa mavi ya ng'ombe, hakukuwa baridi, hakukuwa mikalitusi. Ilikuwa pori, majani ya kuoza, moshi ya mawese. Akafungua macho. Akaniangalia, mimi, muda wa kutosha. Alisema neno moja tu, funga, na nikafunga, na tulipofika kwa enfirmie alikuwa ameisha kuenda.

Sijui alisema funga sawa muntu ameshatosheka na kwao, ao sawa muntu amejua. Wewe ulikuwa wa kwanza wake, ulimujua sauti mbele yangu. Niambie. Hata kama jibu ni mbaya, niambie, usininyamazie tena.

Salimia shemeji Céline, umuambie kitambaa alituma nimeshona, Bienvenu anayo. Bariki watoto kwa niaba ya babu yao. Shangazi Murekatete anasema akipata njia atakuja kuwaona mbele miguu yake imukatalie. Mungu awalinde huko, na mimi anikumbuke huku.

Ni mimi mudogo wako,
Colette, binti ya Habumugisha